Shilingi Inapovuka Mpaka: Fedha, Malipo na Bakshishi Katika Safari za Nje

Shilingi ya Tanzania, ya Kenya au ya Uganda ni fedha kamili nyumbani kwake, lakini nje ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata wa kuinunua. Maduka mengi ya kubadilisha fedha ya Guangzhou, Chennai au London hayashughuliki nayo kabisa, na pale yanapoipokea huipokea kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo anayetoka Kariakoo kwenda kununua nguo China, au anayempeleka mgonjwa India, hubadilisha fedha mara mbili: shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa yuani au rupia. Mjerumani anayesafiri na yuro hubadilisha mara moja tu. Ushauri mwingi wa safari ulioenea duniani umeandikwa kwa ajili ya huyo Mjerumani, ndiyo maana haumfai sana msafiri wa huku, ambaye hasara yake huanza kabla hajapanda ndege.

Hasara hiyo haionekani kwa sababu haiitwi ada. Duka la fedha huwa na bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia, na faida yake imo katikati. Tuseme duka linauza dola kwa shilingi 2,500 na kuinunua kwa 2,440. Mwenye shilingi milioni 5 atapata dola 2,000. Safari ikiahirishwa, akazirudisha jioni ileile, atapewa 4,880,000. Shilingi 120,000 zimekwenda, sawa na asilimia 2.4, na risiti yake haionyeshi makato yoyote. Bango linalosema fedha hubadilishwa bila makato linaweza kuwa la kweli kabisa huku mteja akipoteza zaidi ya hapo kupitia bei. Kipimo cha haki ni kimoja: kulinganisha bei inayotolewa na kiwango cha siku cha benki kuu, kinachotangazwa wazi na mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye simu.

Dola zenyewe hazina thamani sawa mkononi. Katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, noti za dola 100 na 50 hununuliwa kwa bei nzuri kuliko za 20, 10, 5 na 1, na noti za matoleo ya zamani hukatwa bei au hukataliwa. Benki Kuu ya Marekani inasema kila noti iliyowahi kutoa bado ni halali, ya mwaka wowote. Kauli hiyo ni kweli kisheria, lakini haimlazimishi mwenye duka wa Arusha au Goma kuipokea. Kongo ndiko ukali huu ulikokomaa: Lubumbashi, Bukavu na Goma dola hutumika kila siku sambamba na faranga, na noti yenye mchaniko mdogo ukingoni inaweza kurudishwa papo hapo. Zimbabwe, ambako dola pia hutumika mitaani, noti nyingi huzunguka zikiwa zimechakaa sana. Anayenunua dola kwa safari ana haki ya kuchagua noti dirishani, na aitumie: noti safi, za matoleo mapya, nyingi za 100 kwa ajili ya kubadilisha na chache ndogo kwa teksi, viza na wapagazi wa siku ya kwanza. Noti mbovu ikishaondoka dirishani ni ya mteja.

Kwa nchi za Ghuba, mbebaji wa dola yuko salama kuliko kwingine. Riali ya Saudi Arabia imefungwa kwa 3.75 kwa dola tangu 1986, dirhamu ya Falme za Kiarabu kwa 3.6725 tangu 1997, na riali moja ya Omani, yenye baisa 1,000, ni sawa na takriban dola 2.60. Viwango hivi havipandi wala kushuka, kwa hiyo duka la Dubai linalotoa dirhamu 3.65 kwa dola limechukua chini ya asilimia 1, na linalotoa 3.50 linaweza kukataliwa bila mashaka. Mahujaji na wafanyabiashara hawana haja ya kuhangaika kutafuta riali au dirhamu nyumbani, ambako huuzwa ghali kwa kuwa ni chache. Waende na dola, wabadilishe huko, mjini badala ya uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege ni mahali pa kubadilisha kiasi cha nauli na chakula cha usiku wa kwanza. Duka la pale hulipa pango kubwa na mteja wake hana pa kwenda.

Mipakani hali ni tofauti. Namanga, Tunduma, Mutukula na Kasumbalesa wabadilishaji wa mkononi humfikia msafiri kabla hajashuka kwenye basi. Baadhi yao ni watu wa miaka mingi katika kazi hiyo, na bei yao huwa karibu na ya duka. Tatizo ni kwamba hakuna risiti wala wa kumlalamikia, na hesabu hufanywa kwa haraka katikati ya watu. Hatari kubwa kuliko upungufu wa noti moja mbili ni kupewa fedha iliyokwisha kufa. Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye kwacha Januari 1, 2013, na noti za zamani zikakoma. Kenya iliifuta noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwishoni mwa Septemba 2019. India iliondoa noti za rupia 500 na 1,000 kwa tangazo la usiku mmoja, Novemba 8, 2016. Uingereza ilisitisha noti za karatasi za pauni 20 na 50 Septemba 30, 2022, ingawa Benki Kuu yake bado inazibadilisha. Pauni zilizohifadhiwa kabatini na ndugu aliyeishi London miaka ya nyuma zinafaa kukaguliwa kabla ya kuwekwa kwenye bajeti ya safari. Kabla ya kuingia nchi yoyote, msafiri atazame picha za noti zinazotumika. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Kuna nchi ambazo dola ina bei mbili, ya benki na ya mtaani. Ethiopia ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, hadi serikali ilipoiachia biri ifuate soko Julai 2024 na pengo likapungua sana. Burundi pengo hilo limekuwa kubwa na la muda mrefu. Katika nchi ya namna hii kadi ya benki humpunja mwenye nayo, kwa kuwa malipo yake huhesabiwa kwa kiwango rasmi wakati bei za sokoni zimekwisha kufuata kiwango cha mtaani. Lakini soko la mtaani kwa kawaida ni kosa la jinai, na mgeni akikamatwa hupoteza fedha yote, si tofauti ya bei tu. Njia ya busara ni kuuliza hoteli, shirika au mwenyeji anayefahamika ni duka gani lenye leseni linalotoa bei ya karibu na soko, na kubadilisha kidogo kidogo.

Sheria za kubeba fedha hazifanani, na kutozijua hakumwokoi mtu forodhani. Tanzania na Kenya humtaka msafiri atangaze fedha taslimu zinazofikia dola 10,000. Marekani hutaka hivyo kwa kiasi kinachozidi dola 10,000, na Umoja wa Ulaya kuanzia yuro 10,000. Kutangaza si kulipa ushuru. Ni kujaza fomu, na fedha hubaki za mwenyewe. Asiyejaza ndiye huhatarisha kunyang'anywa. Mfanyabiashara anayebeba mtaji wa kontena huwa na sababu nzuri ya kuwa na kiasi kikubwa, na nyaraka za benki zinazoonyesha fedha zimetoka wapi humlinda kuliko kificho chochote. India inamwekea mgeni masharti ya kuingia na rupia, hivyo zinazouzwa mitaani nje ya nchi hiyo ni za kuepukwa. Nyumbani nako mambo yamebadilika: kanuni za Tanzania za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipia bidhaa au huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kumiliki dola hazikukataza.

Kadi ya benki huondoa mzigo wa kubeba fedha, lakini ina milango yake ya makato. Mnunuzi anapolipa nje, kampuni ya kadi, Visa au Mastercard kwa mfano, hugeuza kiasi hicho kwa kiwango chake cha siku, ambacho kwa kawaida si kibaya. Kisha benki iliyotoa kadi huongeza asilimia yake, mara nyingi kati ya 1 na 3, wakati mwingine zaidi. Viwango hivi vimo katika orodha ya ada za benki, na kabla ya safari inafaa kuuliza swali moja la wazi: nikilipa yuro 100 Paris, nitakatwa shilingi ngapi jumla? Ofisa anayejua kazi yake atalijibu.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye mashine ya malipo yenyewe. Mara nyingi mashine ya hoteli au ya kutolea fedha huuliza kama mteja angependa kulipa kwa fedha ya kwao. Swali linaonekana la ukarimu, maana shilingi ndiyo anayoifahamu. Akikubali, ubadilishaji hufanywa na kampuni inayoendesha mashine hiyo kwa bei inayoipanga yenyewe, na nyongeza ya asilimia kadhaa ni jambo la kawaida. Kwa bili ya yuro 400, nyongeza ya asilimia 6 ni yuro 24, bei ya chakula kizuri cha watu wawili katika miji mingi ya Ulaya ya kusini. Benki ya nyumbani nayo inaweza kukata ada yake ya malipo ya nje juu ya hapo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2019, umelazimisha nyongeza hii ionyeshwe wazi kwa kadi za nchi zake, ili mteja ailinganishe na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Mwenye kadi kutoka nje asitegemee ulinzi huo. Jibu sahihi karibu kila mahali ni lilelile: kulipa kwa fedha ya nchi uliyomo. Mhudumu akibonyeza kwa niaba ya mteja bila kuuliza, mteja ana haki ya kuomba malipo yafutwe na kurudiwa.

Kutoa fedha kwenye ATM kuna hesabu yake. Ada nyingi hapo ni za kiasi kimoja kila unapotoa: anayetoa dola 20 na kukatwa 5 amelipa robo ya fedha yake, na anayetoa 300 kwa ada hiyohiyo amelipa chini ya asilimia 2. Kutoa mara chache na kwa kiasi kikubwa kuna faida, mradi kuna mahali salama pa kuweka. Hoteli na kampuni za kukodisha magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwenye kadi ya akaunti ya kawaida, fedha hiyo huwa haigusiki mpaka iachiliwe, pengine siku kadhaa baada ya mgeni kuondoka. Wengi hushangaa kadi ikikataliwa dukani wakati salio lipo. Salio lipo, limefungwa tu. Kadi mbili za benki tofauti, zikikaa mifuko tofauti, humaliza nusu ya dharura za safari.

Pesa za simu ndiyo sehemu ambayo Mwafrika Mashariki amewatangulia wengi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo mtu anaweza kuishi mwezi mzima Dar es Salaam au Nairobi bila kushika noti. Uzoefu huo husafiri kwa shida. Wakala hayupo Istanbul, na namba za kuthibitisha muamala hutumwa kwa ujumbe kwenye laini ya nyumbani, ambayo lazima iwe hai huko ugenini. Anayeitoa laini yake ili kuweka ya kigeni mara nyingi hujifungia nje ya akaunti zake zote. Simu yenye laini mbili, huku huduma ya kutumia laini nje ya nchi ikiwa imewashwa na kujaribiwa kabla ya kuondoka, ni chombo cha fedha sawa na kadi. Safaricom ilianzisha mwaka 2022 kadi ya Visa isiyo ya plastiki ndani ya M-Pesa, na huduma za namna hiyo zimefungua malipo ya mtandaoni kwa watu wasio na akaunti kubwa benki. Hoteli na tiketi za treni zinaweza kulipiwa nazo kabla ya safari.

China ndiko mgeni anakohitaji maandalizi makubwa zaidi. Malipo ya kila siku, toka mgahawa wa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou unaofahamika sana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika, hadi masoko ya jumla ya Yiwu, hupita kwenye Alipay na WeChat Pay kwa kupiga picha ya msimbo. Kwa miaka mingi mgeni asiye na akaunti ya benki ya Kichina alibaki nje. Tangu 2023 programu zote mbili zinapokea kwa upana kadi za kigeni, na 2024 kikomo cha muamala mmoja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000. Malipo ya chini ya yuani 200 hayakuwekewa ada, na yanayozidi hapo yakawekewa asilimia 3. Mnunuzi anayeujua mpaka huo hulipia chakula na teksi kwa simu, na mzigo mkubwa kwa njia ya benki. Uthibitisho wa pasipoti ndani ya programu ufanywe nyumbani, kwenye intaneti ya uhakika. India nayo ina UPI, mfumo ulioanza 2016 na sasa umefika mpaka kwa muuza chai wa barabarani, lakini kwa mgeni bado si rahisi kuingia. Familia zinazokwenda hospitali za Chennai, Hyderabad au Delhi zipange malipo ya matibabu kwa kuhamisha fedha benki hadi benki na kubaki na rupia za mkononi kwa matumizi madogo.

Bakshishi ndiyo sehemu ya matumizi ambayo watu huiogopa kuliko gharama yake. Hofu hiyo hupungua mtu akijua nani anamlipa mhudumu mshahara. Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiasi ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilhali kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25 tangu 2009. Bakshishi ndiyo inayotakiwa kuziba pengo; isipotosha, mwajiri anapaswa kujazia. Mfumo huu una mizizi michungu. Baada ya utumwa kukomeshwa 1865, kampuni ya treni ya Pullman iliajiri maelfu ya Weusi waliotoka utumwani kuhudumia mabehewa ya kulala, ikawalipa kidogo na kuwaachia abiria kazi ya kuwalisha. Wamarekani wengine waliona desturi hiyo ni ya kudhalilisha: jimbo la Washington liliipiga marufuku 1909, majimbo mengine kadhaa yakafuata, na kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Wahudumu wa Pullman, chini ya A. Philip Randolph, waliunda chama chao 1925 na kupata mkataba na kampuni 1937. Kongresi iliingiza malipo pungufu ya wafanyakazi wa bakshishi katika sheria ya kazi mwaka 1966.

Kwa historia hiyo, asilimia 15 hadi 20 ya bili katika mgahawa wa Marekani wenye wahudumu wa mezani ni sehemu ya bei ya chakula, na bajeti iihesabu hivyo. Majimbo saba, California na Washington yakiwemo, hayaruhusu mshahara huo pungufu, lakini desturi ya kutoa imebaki. Bei ya menyu haina kodi ya mauzo, kwa hiyo chakula cha dola 30 huishia karibu na 38 baada ya kodi na bakshishi. Kwenye kaunta, mteja anapojichukulia kahawa mwenyewe, mashine huweza kumwonyesha asilimia 18, 20 na 25. Hapo halazimiki, na anaweza kubonyeza sufuri bila kumdhulumu mtu.

Ulaya mambo ni mepesi. Ufaransa huduma imo ndani ya bei ya menyu kwa mujibu wa kanuni ya 1987, na sarafu mbili tatu zinazoachwa mezani ni shukrani tu. Ujerumani mteja hutaja jumla anayotaka kulipa: bili ni 27.50, anasema 30. Uingereza migahawa mingi huongeza asilimia 12.5 ya hiari, na mteja anaweza kuomba iondolewe. Tangu Oktoba 1, 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuifikisha bakshishi yote kwa wafanyakazi. Japani haitolewi, na mhudumu anaweza kumkimbilia mgeni barabarani kumrudishia chenji aliyoiacha. China nako kwa kawaida haimo katika desturi. Misri ni kinyume: noti ndogo hutakiwa kila hatua, kwa mbeba mizigo, mlinzi wa makaburi na mfungua mlango, na asiyekuwa nazo huishia kutoa kubwa.

Ghuba inahitaji neno la ziada. Hoteli na migahawa ya Dubai mara nyingi huongeza ada ya huduma kwenye bili, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyoanza 2018. Ada hiyo si lazima imfikie aliyebeba sahani. Wafanyakazi wa chini huko wametoka India, Nepali, Ufilipino, na wengi pia Kenya na Uganda, na hutuma sehemu kubwa ya mshahara nyumbani. Dirhamu 5 au 10 zinazotiwa mkononi mwao ndizo za hakika. Watu wa Moshi na Arusha wanaujua mfumo huu kutoka upande wa pili: mpagazi wa Kilimanjaro hutegemea sana bakshishi ya siku ya mwisho, na anafahamu tofauti kati ya iliyopitia kwa kiongozi na aliyokabidhiwa mwenyewe.

Fedha inayobaki mwishoni ina hasara yake pia. Sarafu kwa kawaida hazinunuliwi na maduka, hivyo zitumiwe kabla ya kuondoka, hata kwa kulipia sehemu ya bili ya hoteli na kumalizia kwa kadi. Noti zigeuzwe zikiwa bado huko, pamoja na risiti za mwanzo, ambazo baadhi ya nchi huzidai. Dola zinazorudi nyumbani ni bora zisigeuzwe kuwa shilingi kama safari nyingine iko njiani: akaunti ya fedha za kigeni, inayopatikana katika benki nyingi za Afrika Mashariki, huzihifadhi, na mwenye nazo huepuka kuilipa tena tofauti ya bei.